Haki Katika Kupima Pumzi

Katika mali zote alizopewa mwanadamu, pumzi ndiyo ya kwanza kupokewa na ya mwisho kurudishwa. Mtoto huitangaza kwa kilio, na mzee huiaga kimya. Tajiri hawezi kuiweka akiba kwa ajili ya kesho, wala maskini hadaiwi kodi kwa ile anayoivuta leo. Lugha ya Kiswahili imelitambua jambo hili tangu zamani: aliyechoka hupumzika, yaani hurudiwa na pumzi yake, aliyeelemewa na madeni husema hana nafasi ya kupumua, na mji wa Bagamoyo, kwa maelezo ya wengi, ulipata jina lake kwa neno la kubwaga moyo. Wengine hulifahamu neno hilo kuwa raha ya mpagazi atuaye mzigo wake baada ya safari ya miezi, na wengine kuwa huzuni ya mtumwa aachaye nyuma matumaini yake. Kwa mmoja palikuwa mahali pa kushusha pumzi. Kwa mwingine palikuwa mahali pa kuipandisha kwa kwikwi.

Kitu hiki kisichoonekana wala kushikika kimepata chombo cha kukipima. Chombo hicho huitwa spirometa, na kazi yake ni kuonyesha kiasi cha hewa ambacho mapafu ya mtu yaweza kukitoa, na wepesi wa kuitoa. Mizani ya dukani hupima mchele bila kuuliza mchele ule umelimwa na nani. Spirometa, kwa muda mrefu, haikuwa hivyo. Kabla ya kutoa hukumu yake iliuliza umri wa mtu, kimo chake, na kama ni mume au mke. Kisha, mwisho wa yote, iliuliza asili ya kaumu yake. Maswali matatu ya kwanza yana sababu iliyo wazi. La nne ndilo lizaalo shaka. Je, ni haki kuwapima watu wote kwa kipimo kimoja, au ni haki kila kaumu ipimwe kwa kipimo chake? Na ikiwa haki imo upande mmoja, je, upande huo hauna dhuluma yake?

Wengine watadhani kwamba swali hili ni la mabingwa waliojifungia katika hospitali kubwa za ng'ambo. Sivyo. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hukutana nalo njiani. Afikapo Tegeta huona kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kimesimama tangu mwaka 1966. Na wataalamu wa Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Bergen nchini Norwei, wamekwisha kupima mapafu ya wafanyakazi wa saruji wa nchi hii na kuona kwamba kadiri mtu alivyovuta vumbi jingi, ndivyo pumzi yake ilivyopungua. Mbele zaidi, Bunju, Mapinga na Zinga, msafiri hupita nyumba ambazo chakula cha kila siku huiva juu ya kuni na mkaa. Bagamoyo kwenyewe, penye soko la samaki pwani, samaki hukaangwa katika makarai makubwa juu ya moto wa kuni, na wakaangaji husimama katika moshi kwa saa nyingi. Kisha wapo, mjini na vijijini, walioshikwa na kifua kikuu, wakameza dawa kwa miezi, wakapona. Vijidudu vimekufa, lakini makovu yamesalia katika mapafu. Watu hawa wote huweza kupoteza pumzi kidogo kidogo bila maumivu. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye gogo aghalabu hana habari mpaka siku atakaposhindwa kubeba ndoo ya maji kutoka kisimani hadi mlangoni pake.

Hapo ndipo faida ya chombo ionekanapo. Mtu mzima aketiye kimya huvuta karibu nusu lita ya hewa kila mara, na mapafu yake, yakijaa kabisa, hutwaa lita sita hivi. Tofauti hii kubwa baina ya atumiacho na awezacho ndiyo akiba yake, na akiba ndiyo iliwayo kwanza na maradhi. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya akiba hiyo, na bado akazungumza, akacheka na kwenda sokoni. Kupimwa kwake ni hivi: hubanwa pua kwa kibanio, hutia bomba kinywani, huvuta pumzi mpaka kifua kijae, kisha huipuliza kwa nguvu zake zote bila kusita, mpaka isitoke tena. Chombo huandika mambo mawili: jumla ya hewa iliyotoka, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Mfaransa Robert Tiffeneau, mwaka 1947, ndiye aliyetilia mkazo kipimo hiki cha muda. Kwani mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya sehemu 7 katika 10 za pumzi yake kabla sekunde hiyo haijaisha, ilhali mwenye njia za hewa zilizosongwa na pumu au moshi huitoa kwa taabu, kama maji yapitayo katika mpira uliokanyagwa.

Chombo chenyewe kina umri mkubwa kuliko wadhaniavyo wengi. Tabibu John Hutchinson wa Uingereza ndiye aliyekisimamisha, na mwaka 1846 alitangaza vipimo vya watu zaidi ya 2,000: mabaharia, askari polisi, wazima moto, wapiga chapa, mafukara na mabwana. Aliona kwamba kiasi cha pumzi hufuata kimo cha mtu, inchi 8 za ujazo kwa kila inchi moja ya urefu, akakiita kiasi hicho uwezo wa uhai. Alitaka chombo kigundue kifua kikuu mapema. Alitaka vilevile kampuni za bima ya maisha zikitumie kujua ni nani wa kukubaliwa na ni nani wa kukataliwa. Basi tangu kuzaliwa kwake chombo hiki kilitumikia mabwana wawili: mgonjwa atakaye kujua hali yake, na mwenye mali atakaye kujua hasara yake. Mabwana hawa wawili hawagombani maadamu hesabu haijaleta fedha mezani. Ikishaileta, kila mmoja huanza kuisoma hesabu ileile kwa macho yake.

Jambo moja hukitofautisha kipimo hiki na vipimo vingi vya tiba. Damu ya mtu yaweza kuchukuliwa naye amelala. Joto lake laweza kusomwa naye hana fahamu. Pumzi yake yote haipatikani ila aitoe mwenyewe. Mpimaji husimama kando yake akimhimiza: vuta, vuta, sasa puliza, puliza, endelea, endelea! Tendo hilo hurudiwa mara tatu kwa uchache, na mapulizo mawili yaliyo bora sharti yakaribiane, yasipitane kwa zaidi ya mililita 150, ndipo yahesabiwe kuwa ya kweli. Mtu asiyefahamu lugha ya mpimaji, au amwogopaye, au aonaye haya kutoa macho na kuvimbisha mashavu mbele ya wageni, aweza kuandikwa mgonjwa ilhali ni mzima. Kwa hiyo kipimo cha pumzi ni mapatano kabla hakijawa hesabu. Anayepimwa hutoa juhudi yake yote kwa kuamini kwamba juhudi hiyo haitageuzwa kuwa silaha dhidi yake. Imani hiyo ni amana, na swali la haki huanzia hapo.

Pumzi ikishatolewa kwa hiari na kuandikwa kwa uaminifu, bado haijasema neno. Lita tatu ni nyingi au ni chache? Kwa bibi mfupi wa miaka sabini ni neema. Kwa kijana mrefu wa miaka ishirini ni ishara ya msiba. Sharti hesabu ya mtu ilinganishwe na nyingine, ile inayotarajiwa kwa watu wa namna yake walio na afya. Kwa hiyo aliyeshika bomba siye hakimu, wala aliyesoma hesabu siye. Hakimu ni yule aliyekaa mbali, zamani, akaamua maana ya maneno mawili madogo: "namna yake".

Historia ya uamuzi huo haipendezi. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, tabibu wa Louisiana aliyeutetea utumwa, alidai kwamba spirometa imemwonyesha upungufu wa sehemu 20 katika 100 katika mapafu ya watu weusi. Kutokana na dai hilo akafikia hitimisho ambalo mabwana wa mashamba walilipenda, kwamba kazi ya kulazimishwa humtia mtu mweusi afya. Mwaka 1869 Benjamin Gould, mtaalamu wa nyota, alitoa kitabu kikubwa cha vipimo vya askari wa vita vya Marekani, nacho kikaonyesha askari weusi wakiwa na pumzi haba kuliko weupe. Hesabu zilichapwa kwa madaha. Hali za maisha ya wale waliopimwa, chakula chao cha utotoni, maradhi yao na makambi yao, hazikutiwa katika mizani. Kuanzia hapo upungufu ukapewa jina la maumbile. Kizazi kimoja cha wataalamu kikamrithisha kingine, mpaka desturi ikaingia ndani ya mashine yenyewe: kwa mtu mweusi hesabu inayotarajiwa ikapunguzwa kwa sehemu 10 hadi 15 katika 100, na kwa watu wa Asia kwa sehemu 4 hadi 6. Wengi walioitumia mashine hawakujua kwamba upungufu huo umo ndani yake. Walibonyeza, wakasoma, wakaandika.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, yafaa kufanya hesabu ndogo. Watu wawili wana umri mmoja na kimo kimoja, na wote wawili wamepuliza lita 3. Kwa mmoja mashine yatarajia lita 4. Basi amefikia sehemu 75 katika 100, chini ya 80 ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa mpaka wa afya, na daktari ataandika kwamba mapafu yake yamepungukiwa. Kwa wa pili mashine, kwa kuwa ameandikwa mweusi, imepunguza matarajio yake kwa sehemu 15 katika 100, ikawa lita 3.4, basi amefikia sehemu 88, na daktari ataandika kwamba hana neno. Pumzi ni moja, kifua ni kimoja, hewa iliyotoka ni ileile. Lakini mmoja atapewa dawa na mwingine ataambiwa aende zake. Mwaka 1999, katika kesi ya Baltimore iliyohusu vumbi la asbesto, kampuni ya Owens Corning ilitaka kanuni hiyo itumike kwa wafanyakazi weusi waliodai fidia, yaani mtu mweusi aonyeshe ameharibika zaidi ndipo ahesabiwe kuwa ameharibika. Hapo bwana wa pili wa chombo alikuwa amesema waziwazi kile alichokitaka.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jina la jambo kama hili. Katika siku za misafara, wakati pembe za ndovu zilipopimwa Bagamoyo kwa frasila na nafaka kwa pishi, mfanyabiashara aliyekuwa na pishi mbili dukani, moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia, alijulikana kuwa mwizi hata kama hakuvunja mlango wa mtu. Mafundisho ya dini zilizomo pwani humkemea mtu huyo kwa ukali kuliko wanavyokemewa wezi wengi. Kwani mwizi wa usiku huiba mali, lakini mwenye pishi mbili huiba imani ambayo bila hiyo hakuna soko.

Hata hivyo, insaf yadai kwamba upande wa pili nao usikizwe. Wako waliosema, na wengine wao walisema kwa nia njema: "Fundi cherehani hawashonei watu wote kanzu ya kipimo kimoja, wala hakuna amwitaye dhalimu. Mtoto hapimwi kwa kipimo cha mzee, wala mfupi kwa kipimo cha mrefu. Ikiwa watu wa kaumu moja, kwa wastani, wana kifua kidogo kwa kimo kilekile, si ndiyo haki wapimwe kwa kipimo chao, wasije wakaitwa wagonjwa wote?" Hoja hii haifai kubezwa. Ni kweli kwamba wastani wa vipimo hutofautiana baina ya makundi, na ni kweli kwamba sehemu ya tofauti hiyo hutokana na umbo: watu wawili wenye kimo kimoja huweza kupishana, mmoja akawa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwingine kinyume chake.

Lakini fundi cherehani hutumia utepe. Huuzungusha kifuani mwa mtu aliye mbele yake, akashona kanzu kwa kile alichokiona. Hamuulizi mteja ukoo wake kisha akakata kitambaa bila kumpima. Kimo husomwa juu ya mwili wa mtu mwenyewe. Umri huhesabiwa kwa miaka aliyoishi yeye mwenyewe. Bali kaumu husemwa juu yake na wengine. Ikiwa tofauti imo katika kiwiliwili, basi na kipimwe kiwiliwili. Kuacha kukipima, na badala yake kuuliza rangi, ni sawa na kukadiria uzito wa gunia kwa kutazama chapa iliyopigwa juu yake.

Tena ni nani huyo awezaye kujibu swali la mashine bila kusitasita? Bagamoyo hukaa Washomvi, Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Hukaa wajukuu wa Wanyamwezi na Wamanyema waliokuja na misafara. Hukaa watu wenye babu wa Hadhramaut, wa Maskati, wa Baluchistani na wa Kachi. Wengi hawakai katika orodha hiyo mahali pamoja tu. Mtu aliye na bibi Mmanyema na babu Mwarabu, atiwe katika kijisanduku gani? Akitiwa hiki ni mgonjwa, na akitiwa kile ni mzima. Mapafu yake hayakubadilika katika muda wa kunyoosha kidole. Nchi hii iliwahi kuishi chini ya serikali zilizogawa hospitali na shule kwa rangi za watu. Lakini hata katika miaka ya 1890, chini ya Wajerumani, Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, alitoa nyumba ya shule mjini humo kwa sharti kwamba ipokee watoto bila ubaguzi wa asili zao, na fedha zake zikajenga hospitali ya Dar es Salaam ambayo jina lake lingali linakumbukwa Muhimbili. Mfanyabiashara yule, aliyejua vema frasila na pishi, aliona kwamba mgonjwa na mwanafunzi hawapimwi kwa chapa.

Chini ya mabishano haya kuna kosa la fikra ambalo ni kubwa kuliko mashine, nalo ni kudhani kwamba kawaida na afya ni kitu kimoja. Kawaida ni kile kilicho kingi. Afya ni kile kinachofaa. Kijiji ambacho kila mtu ana minyoo, minyoo ni kawaida yake, wala minyoo si afya. Mtoto aliyezaliwa na uzito haba, akalelewa jikoni mgongoni mwa mama katika moshi wa kuni, akapata vichomi viwili kabla ya kuanza shule, hukua na mapafu yasiyofikia upeo wake. Wakichukuliwa watoto elfu kama yeye, na wastani wao ukaitwa kipimo cha kaumu yao, basi umaskini umevikwa joho la maumbile. Kuanzia siku hiyo hakuna atakayeuliza moshi umefanya nini, kwani mashine imekwisha kuusamehe. Kipimo kilichowekwa kwa nia ya kumwelewa mtu hugeuka kuwa kipimo cha kuyahalalisha madhara yake.

Wataalamu wenyewe wamefika mahali hapo baada ya safari ndefu. Mwaka 2012 jopo la kimataifa, chini ya Philip Quanjer, lilitoa kanuni zilizotokana na watu zaidi ya 74,000 wasiovuta sigara, wenye umri wa miaka 3 hadi 95, kutoka nchi 26. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini iliwagawa watu kwa makundi, na kundi la watu weusi lilikuwa la Wamarekani weusi. Mkwere wa Kiwangwa alitakiwa apimwe kwa mfano wa mtu wa ng'ambo ya bahari ambaye hawakushirikiana naye chakula, wala kazi, wala hewa. Mwaka 2022 ilitolewa kanuni nyingine isiyouliza kaumu, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilishauri kwamba hiyo ndiyo itumike. Pishi mbili zikarudishwa kuwa moja.

Je, basi haki imepatikana? Hapa ndipo mwenye kufikiri anapopaswa kusimama, asishangilie mapema. Pishi moja nayo yaweza kudhulumu. Mtu ambaye jana aliandikwa mzima, leo kwa pumzi ileile aweza kuandikwa mpungufu. Na mtu aliyeandikwa mpungufu aweza kunyimwa kazi ya kuzamia au ya kuzima moto, aweza kutozwa bima kubwa zaidi, aweza kuambiwa kwamba mapafu yake hayatastahimili kisu cha mpasuaji, akaachwa na uvimbe ambao ungaliweza kuondolewa. Kipimo kilekile kinachomfungulia mmoja mlango wa fidia humfungia mwingine mlango wa ajira. Zaidi ya hayo, pishi moja iliyochanganywa kutoka pishi za watu wote haitoki kwa mtu yeyote. Wako basi wanaosema kwamba dawa ni Waafrika wapimwe kwa wingi nchini mwao, zipatikane hesabu zao wenyewe. Na mji wa Bagamoyo, ulio na kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambako chanjo za malaria zimejaribiwa, hauna uhaba wa watu wawezao kazi kama hiyo. Ni kweli kwamba asiyehesabiwa hukumbukwa kwa makisio, na makisio aghalabu humwonea. Lakini mtego ule wa kawaida na afya ungaliko. Akipimwa aliyekaa moshini na kuitwa mzima kwa kuwa hakohoi, kipimo cha nyumbani kitadhulumu kama kilivyodhulumu cha ugenini, tena kwa sauti ya ndugu.

Ikiwa pishi mbili ni dhuluma, na pishi moja si salama, na pishi ya nyumbani ina mtego wake, mwenye kutafuta haki ashike wapi? Ashike mambo matatu.

La kwanza, kipimo nacho kipimwe. Kila siku kabla ya kumpima mtu, mpimaji mwema huchukua bomba la sindano lenye ujazo wa lita 3, akaisukumia mashine hewa yake, naye huikataa mashine ikiwa imekosea kwa zaidi ya sehemu 3 katika 100. Mashine hujaribiwa kabla haijamjaribu mtu. Desturi hiyo njema yapasa ivuke mpaka wa chuma na kufikia kanuni: kila aletewaye hesabu inayotarajiwa ana haki ya kuuliza ilitoka kwa nani, lini, na kwa faida ya nani.

La pili, mtu alinganishwe na nafsi yake kila iwezekanapo. Hutchinson alimpima jitu mmoja wa Kimarekani, Freeman, mtu mwenye kimo cha ajabu ambaye hakuwa na wa kulinganishwa naye. Alipompima tena baada ya muda aliona kwamba pumzi yake imepungua, na haukupita muda mrefu jitu yule akafa kwa kifua kikuu. Hapakuwa na jedwali la majitu, wala halikuhitajika. Freeman wa jana alikuwa shahidi wa kutosha juu ya Freeman wa leo. Mtu mzima mwenye afya, akishapita ujana, hupoteza mililita 30 hivi kila mwaka. Mfanyakazi wa saruji au mkaangaji wa samaki apimwaye mara kwa mara, akaonekana anapoteza maradufu ya hizo, amekwisha kusema kila kitu bila kuulizwa babu yake alitoka wapi. Njia hii hudai kumbukumbu na uvumilivu kuliko fedha; hudai mpimaji amjue mtu, arudi tena mwakani, ahifadhi daftari. Huenda ndiyo maana mara nyingi jedwali hupendwa zaidi, kwa kuwa jedwali humwondolea mtu taabu ya kumjua mwenzake.

La tatu, hesabu iwe shahidi, isiwe kadhi. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na kubanwa kwa kifua akujuaye ni mwenye kifua. Akisema mtu kwamba hawezi tena kupanda kutoka pwani hadi sokoni bila kusimama mara mbili, na mashine ikasema hana neno, mwenye hekima hatamwita mwongo. Atamwita shahidi wa pili aliyetofautiana na wa kwanza, atafute wa tatu. Kadhi ahukumuye kwa shahidi mmoja huharakisha kesi, lakini haitimizi.

Baada ya yote hayo hubaki deni moja ambalo kanuni haiwezi kulilipa. Kumpima mtu ni kumwahidi. Mkaangaji aliyepuliza mara tatu mpaka machozi yakamtoka, akaambiwa pumzi yake imepungua, kisha akarudishwa kwenye karai lilelile na moshi uleule, amenyang'anywa utulivu wa kutojua bila kupewa faida ya kujua. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umeazimia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika 100 wa Tanzania watumie nishati hiyo. Azimio hilo ndilo ndugu wa kweli wa spirometa. Kwani mmoja huonyesha shimo na mwingine hulifukia. Chombo kisicho na ndugu yake ni kama taa iliyowashwa ili maskini auone vizuri umaskini wake.

Kuna jambo la mwisho ambalo chombo chenyewe hulikiri. Mtu apulize awezavyo, abonyee kifua mpaka atetemeke, bado mapafuni mwake husalia hewa, lita moja na zaidi kidogo, ambayo haitoki maadamu yu hai, na spirometa haiwezi kuiona. Mabingwa wana njia nyingine za kuikadiria, lakini mbele ya bomba lile hubaki siri ya mwenyewe. Mpimaji akiikumbuka hewa hiyo atapima kwa adabu. Atajua kwamba alichoandika ni kile mtu alichokubali na alichoweza kukitoa, wala si mtu mzima. Na kwamba aliyempa pumzi yake yote mara tatu mfululizo, kwa kumwamini, anamdai jibu la kweli katika pishi moja na watu wote.